Uzi wa Bluu Tumboni mwa Tunu

Tinde, alasiri

Sauda mwanangu,

Salamu nimekupa asubuhi ulipokuja kuniamkia, na hali yangu unaijua kwa kuwa chai umeniletea kwa mkono wako, basi hayo tuyaruke. Wewe na mama yako mmekwenda kuaga kwa shangazi yako, na jinsi ninavyomjua shangazi yako, hamtarudi kabla ya magharibi. Nimepata nafasi ya kuandika. Kusema nimeshindwa. Tangu juzi najaribu. Nilikufuata mpaka uani ulipokuwa unaanua nguo, nikaishia kukuuliza kama kamba ya sanduku ni imara. Ukanicheka: "Baba, kamba hiyo umeiuliza mara tatu sasa!"

Habari za ndoo, sabuni, michembe ya viazi na shuka mama yako amekwisha kuzisema mpaka nadhani hata kuku wamezikariri. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la Tunu.

Ile barua yako ya kuomba chuo ulinipa niikague kabla hujaipeleka posta. Umeandika kwamba ulipokuwa na miaka kumi ulikuwa na simbilisi aliyeugua, na kwamba baba yako, bwana mifugo wa hapa Tinde, alimpasua na kumshona kwa mkono wake apate kumwokoa. Umeandika kwamba mnyama alikufa, lakini siku ile ndiyo uliyoamua kuwa daktari wa mifugo. Nikasoma mara mbili. Kisha nikakurudishia karatasi nikasema umekosea mkato mahali pawili. Mkato! Wallahi ndilo neno pekee lililonitoka. Kesho unapanda treni kwenda Morogoro kwa ajili ya maneno yale, na maneno yale si kweli.

Nitakueleza yalivyokuwa. Ukinikasirikia, unikasirikie ukiwa na habari kamili.

Unakumbuka walivyokuja. Bwana Jayanti, mwenye duka ng'ambo ya barabara, aliwapata simbilisi kwa mapadri wa Ushirombo, akawafuga stoo kwa ajili ya wanawe. Walipozaana akakupa watatu ndani ya boksi la majani ya chai. Ulivuka nao barabara polepole, umelikumbatia boksi kifuani, na mimi nikiwa kibarazani nikapiga kelele, "Ebo! Panya wa nini tena humu ndani?" Ukanijibu kwa hasira kwamba si panya, hawana mkia. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Ukawapa majina, na yule mwenye doa jeupe usoni ukamwita Tunu.

Ulikuwa ndio mwaka ule mbaya, mwaka wa unga wa njano wa msaada, mvua ilipokata mapema na ng'ombe wa Usanda wakawa wanaanguka njiani wakielekea kisimani. Tulikaa nyumba ya serikali kando ya josho. Kila kitu kilikauka, isipokuwa pale maji ya josho yalipokuwa yakichuruzika. Pale majani yalikuwa mabichi, yanang'aa, na yale maji yana dawa ya kupe. Nilikuwa nimekwisha kuona ndama wawili wakifa kwa kuyala. Kwa hiyo nikatoa amri, na ukiwa mtoto wangu unazijua amri zangu: hakuna jani litakaloingia nyumba hii. Simbilisi watakula pumba za mashineni, na ukoko wa ugali ukibaki.

Amri ile haikuwa ya kijinga. Nakuambia hivyo si kwa kujitetea, au labda najitetea kidogo. Sumu ilikuwa kweli. Ila kulikuwa na tuta la matembele nyuma ya jiko, mama yako alilimwagilia maji ya kuogea, na hilo halikuwa na dawa yoyote. Ulinifuata siku moja ninakula, ukasimama hapo mlangoni. "Baba, naomba vijani vitatu vya matembele kwa ajili ya Tunu. Kila nikipita na sufuria ananusa." Nikakujibu kwamba mboga ni ya watu, na kwamba kuna watu wanalala njaa. Watu kweli walikuwa wanalala njaa. Lakini vijani vitatu, Sauda! Havingemshibisha mtu, wala kumnyima mtu. Nilikuwa nimechoka, nimetoka kuhesabu mizoga kutwa nzima, na nilitaka angalau mtu mmoja Tinde nzima anitii bila kubishana.

Baada ya wiki kadhaa akafa wa kwanza. Mama yako akamzika uani. Siku tatu baadaye akafa wa pili. Bwana Jayanti akasikia, akaja mbio, hata kofia hakuvaa. Mke wake alikuwa hajalala kwa hofu, maana wanyama wa jamii ya panya wakifa ndani ya nyumba mfululizo, watu wazima huwaza neno moja tu: tauni. Na stoo yake ilikuwa imejaa magunia, na magunia yana panya wa kweli. "Bwana mifugo," akasema, "wewe ndiye mtaalamu wetu. Tuambie ni kitu gani." Palikuwa na watu wengine pale barazani, wakageuka wote kunitazama. Nikasema, "Kesho mtapata jibu." Nilijisikia mtu mkubwa.

Sasa nikueleze kidogo kazi yetu, maana kesho kutwa itakuwa yako. Ugonjwa ukiingia kwenye kundi, huwezi kusoma mzoga uliolala juani siku mbili. Umeoza, hauna habari. Unachofanya ni kumchagua yule aliye hoi zaidi, unamchinja, unampasua papo hapo: ini, mapafu, bandama, utumbo. Mmoja anakufa ili uwajue wanaobaki. Nimefanya hivyo mara nyingi na sina majuto nayo. Lakini nilikuwa na utaratibu wangu, na sikuuvunja hata mara moja: mwenye ng'ombe lazima awepo, na ashike kamba yeye. Nimweleze ninachokwenda kufanya, kwa nini, na kwamba huenda nisione kitu. Akikubali, ashike kamba. Akikataa, nafunga mkoba wangu naondoka. Kuna mzee mmoja wa Usanda, Mzee Masanja, alinikalisha asubuhi nzima akifikiri, na ng'ombe wenyewe walikuwa zaidi ya mia. Nilingoja. Alipokubali alishika kamba huku amemwekea ng'ombe mkono mgongoni, na machozi yanamtoka, mzee mzima. Sikumwona mjinga.

Kwa Tunu nilivunja utaratibu huo.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda shule, uliniletea Tunu amefungwa kwenye kipande cha kanga. Manyoya yamesimama, mguu mmoja wa nyuma haukanyagi, na ukimgusa goti analia kwa kile kisauti chao cha kama filimbi. Ukasema, "Baba, mtazame kwa makini. Usimpe dawa ya ng'ombe, yeye ni mdogo." Nikasema sawa. Ukasema, "Nikirudi utaniambia." Nikasema sawa. Ukambusu kwenye lile doa ukaenda.

Nikakaa naye kama nusu saa. Nikampima joto, halikuwa kali. Nikapapasa makwapani na kinenani kutafuta mitoki ya tauni, hakuna. Mitoki hakuna! Hapo ningeweza kumwambia Jayanti kwamba sioni tauni, tungoje tuone. Ningeweza kuvuka barabara nikatazame wa kwake wanaendeleaje. Ningeweza kukungoja utoke shule, saa chache tu, nikuulize mambo mawili matatu, kwa kuwa wewe ndiye uliyekaa nao tangu siku ya kwanza. Lakini nilikuwa nimeahidi jibu. Na nikajiambia, huyu atakufa tu, leo ama kesho, na akifa usiku nitamkuta ameoza, nitakosa habari. Nikamuua. Haikuchukua muda wala hakuumia, hilo naweza kukuapia. Kisha nikampasua juu ya meza yetu ya kulia, juu ya gazeti.

Ini safi. Mapafu safi. Bandama ndogo, ya kawaida. Nikaendelea, maana mtu akishaanza hiyo kazi mkono haurudi nyuma. Nikafungua maungo. Magotini damu imevilia, kwenye mbavu damu, fizi zimevimba zinavuja. Sijawahi kuona kitu kama kile kwa ng'ombe wala mbuzi. Nikasimama pale, kisu mkononi, sijui lolote. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo mtoto wa darasa la kwanza angelikumbuka mapema. Tunapasua mmoja kwa ajili ya wanaobaki. Kwenye boksi lako alikuwa hajabaki hata mmoja. Kundi lote lilikuwa limelala juu ya gazeti langu.

Mama yako akaingia kutoka kisimani na ndoo kichwani. Hakupiga kelele. Akaitua ndoo, akatazama, akaniuliza, "Sauda anajua?" Nikakiweka kisu chini. Akasema, "Loh, Baba Sauda." Basi. Akaenda kuchukua sindano na uzi aliokuwa akishonea sketi yako ya shule, ule wa bluu, akamshona Tunu vizuri kabisa, akamfuta, akamfunga tena kwenye kipande chake cha kanga. Alipokata uzi kwa meno akasema, "Mimi nimeshona tu. La kumwambia ni lako." Nami ule mguu mmoja nilikuwa nimeuhifadhi kwenye kichupa cha fomalini, niupeleke Mwanza maabara. Ndiyo maana alikuwa amefungwa kwa kubana sana upande ule. Mama yako alijaza pamba.

Ukarudi saa saba. Nilikuwa nimepanga kukuambia. Ulipoona sura yangu ukajua amekufa, ukamchukua, ukamfungua juujuu, kidole chako kikagusa uzi. "Baba, hapa pana nini?" Na kabla sijapata neno, ukanitazama ukasema mwenyewe: "Ulimpasua ili umtibu?"

Nikasema ndiyo.

Ukanikumbatia magoti. Ukaniambia "Wabeja, baba," ukinishukuru kwa Kisukuma cha bibi yako, kama ulivyofanya ukiguswa sana. Nimekwisha kupigwa teke na fahali nikavunjika mbavu mbili. Afadhali nilale na mbavu zile mwaka mzima kuliko kusikia ile "wabeja" tena.

Jioni nilivuka barabara nikamwambia Jayanti si tauni. Alifurahi, akanishika mikono yote miwili, mke wake akaniletea sahani ya vitamutamu. Simbilisi wao walikuwa pale pale miguuni wakitafuna majani ya nje ya kabichi, yale yaliyonyauka ambayo hayauziki, wamenona wanateleza. Niliwaruka nikipita. Niliwaruka, Sauda, nikiwa na macho yangu mawili na cheti changu cha serikali.

Majibu ya Mwanza yalikuja mvua zilipokuwa zimekwisha kuanza. Nilitegemea jina la ugonjwa, la Kilatini, la kukariri na kujivunia. Daktari wa kule aliandika mistari mitatu. Alisema kwenye sampuli haoni ugonjwa wa kuambukiza. Alisema simbilisi wasipopata majani mabichi huvuja damu maungoni, hushindwa kutembea na hufa, na wakipewa mapema hupona kwa siku chache. Kisha akamaliza hivi: "Tafadhali muulize anayewalisha, walikuwa wakila nini?"

Nilisoma nikiwa nimesimama kando ya josho, na tuta la matembele naliona kutoka pale, limefunika ukuta wote wa jiko kwa sababu ya mvua. Nikaikunja barua. Nilipoingia ndani ulikuwa sakafuni unachora ng'ombe, ukaniuliza, "Baba, barua ya nani?" Nikasema ya kazini. Sikukuuliza. Nisingeweza kukuuliza, maana jibu nililijua: ungesema, pumba, baba, kama ulivyoagiza. Na ungesema, nilikuomba vijani vitatu.

Baada ya hapo ukaanza kunifuata majoshoni. Ukabeba mkoba wangu, ukajifunza kushika kipima joto, ukajua kimeta kabla hujajua kusuka nywele. Watu wakasema, huyu amemrithi baba yake. Mimi nikawa natabasamu. Kila mara nilijiambia, akikua nitamwambia. Akifika darasa la saba. Akimaliza kidato cha nne. Ulikua, na kila mwaka uongo ule ulizidi kuwa mzuri midomoni mwako. Mwalimu wako akausoma mbele ya darasa, ukanirudia unang'aa. Ningesemaje hapo? Ningesema. Mtu husema tu. Nilikuwa mwoga, hakuna neno jingine.

Mama yako hajanikumbusha hata siku moja. Ila ule uzi wa bluu hakuutumia tena, uko mpaka leo kwenye kopo lake la vifungo, na anajua ninauona.

Nakuambia leo kwa sababu mbili. Ya kwanza, huko uendako kuna siku mwalimu atasimama aseme simbilisi bila majani mabichi huvuja damu magotini. Utakuwa umekaa katikati ya wenzako, kalamu mkononi, na utakumbuka goti la Tunu, pumba, na amri yangu. Halafu utakumbuka kwamba damu ya ndani ya goti haitibiwi kwa kupasua tumbo. Una akili, utamaliza hesabu yote kabla kengele haijalia. Sikutaka uwe peke yako siku hiyo.

Ya pili ni ngumu zaidi. Umechagua njia hii kwa ajili ya baba fulani aliyekaa na mnyama mdogo kutwa nzima akipigania roho yake. Baba huyo hakuwepo. Aliyekuwepo alikuwa mtu aliyetaka kujua, na alitaka kujua kwa ajili ya watu wa barazani. Mnyama wala mwenye mnyama hakuwa mawazoni mwangu. Kutafuta ugonjwa ni kazi njema, nisikuvunje moyo. Kuna siku utalazimika kufika mpaka ndani kabisa, na kisu ukishike bila kutetemeka. Mimi nilipofika ndani kabisa sikuwa nimegusa hata mlango. Ningevuka barabara ningejua. Ningemuuliza mtoto wa miaka kumi ningejua, na Tunu angepona kwa matembele.

Huenda ukisoma haya hutataka tena kwenda. Sitakulaumu, wala sitakusukuma. Nilifikiri kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku, chini ya shuka, uikute umekwisha kufika Morogoro na huwezi kurudi. Nikaona ndiyo yale yale, kukuamulia ukiwa haupo. Kwa hiyo utaikuta juu ya sanduku, pamoja na ile ya daktari wa Mwanza, imechakaa kidogo kwenye mikunjo. Sanduku sijalifunga. Kamba iko pembeni, nimeikagua kwa mara ya nne, ni imara. Kama utaifunga au hutaifunga, ishike wewe mwenyewe.

Mimi niko kibarazani. Njoo ukae, hata kama umekasirika, hasa kama umekasirika. Nina swali nililoagizwa nikuulize tangu ukiwa na miaka kumi, na nitanyamaza mpaka umalize kujibu.

Sauda, walikuwa wakila nini?

Baba yako